Nukta za Chumba cha Mvuke

Nyumbani kwangu hakujawahi kuwa na kiti kitupu. Ukija asubuhi utamkuta wifi yangu na kikombe chake, ukija mchana utamkuta mpangaji wa chumba cha nyuma anamsuka mpangaji wa chumba cha mbele, na ukija jioni ndio usiseme, utapata pa kusimama tu. Mimi napenda hivyo. Nyumba isiyo na maneno naiona kama wodi iliyofungwa.

Ndiyo maana utani ule niliutoa mbele za watu. Ningeutolea wapi kwingine?

Mkamwana wangu alikuwa anapita uani na beseni la nguo. Mjukuu wangu alikuwa ametimiza miaka mitano, na kila siku anauliza mdogo wake atakuja lini. Wifi akasema, "Huyu naye, mbona hatuletei mwingine?" Nami, kwa kuwa uani pamejaa na wote wananitazama mdomo, nikajibu, "Aa, huyu tumbo lake limefunga ofisi. Karani kaondoka na funguo."

Walicheka mpaka mpangaji akaangusha kitana. Mkamwana naye akacheka. Akaanika nguo zote, moja moja, akazibania vibanio, akaingia ndani. Sikumwona tena mpaka jioni.

Kazini waliniita Shangazi Mvuke. Hospitali yetu ilikuwa ya wazazi, ghorofa mbili, na chumba changu kilikuwa chini kabisa, kimepakana na thieta, chumba cha upasuaji. Kilikuwa na dirisha moja la kupokelea vyombo vichafu na jingine la kutolea visafi. Katikati masinki mawili, meza ndefu ya chuma, na mashine ya mvuke yenye mlango mzito kunishinda mimi mwenyewe. Kazi ukiieleza ni fupi: vyombo vya upasuaji vinakuja na damu, unavihesabu, unaviosha, unavifunga seti nzima kwenye kitambaa cha kijani, unabandika utepe, unaingiza kwenye mvuke. Utepe ukitoka na mistari myeusi, seti imeiva. Seti iliyoiva haifunguliwi na mtu mpaka mgonjwa awe mezani. Hata mkurugenzi akiichezea, naichukua, nairudisha kwenye mvuke, na maneno yangu atayasikia.

Sikusomea. Niliingia pale kufagia, nikahamishiwa kwenye sinki, nikakaa miaka kumi na tisa.

Kila seti ilikuwa na ukurasa wake kwenye daftari: tarehe, namba ya mgonjwa, vyombo vilivyotoka, vyombo vilivyorudi. Hiyo ndiyo sheria. Nukta zilikuwa zangu mwenyewe. Chombo kilichorudi bila kutumika hakihitaji brashi, unakipitisha tu kwenye maji. Sasa ili mwenzangu wa zamu ya mchana asihangaike kusugua kitu kisafi, nilikuwa naweka nukta ya kalamu ya bluu mbele ya kila chombo ambacho hakikutumika. Chenye nukta, suuza. Kisicho na nukta, sugua. Mwenzangu alistaafu, nukta zikabaki. Mkono ulishazoea.

Wakaguzi walikuja kila mwaka. Walifunua kurasa tatu za mwanzo na moja ya mwisho, wakagonga muhuri, wakanywa chai. Mwaka mmoja mkaguzi mwenye miwani alikunja uso. "Mama, hivi vidoa vinachafua kitabu." Nikamwambia nitajitahidi. Hakuuliza ni vya nini, nami sikumweleza, maana chai yake ilikuwa inapoa.

Daktari Pole jina lake alipewa na wagonjwa. Mwanamume mrefu, mikono laini, na neno lake lilikuwa hilohilo: pole mama, pole dada, poleni sana. Hata mlinzi wa getini alipewa pole ya jua. Alhamisi ndiyo ilikuwa siku yake ya kupasua, na kuna akina mama walioomba dua kabisa waangukie Alhamisi.

Alipoanza kazi pale, miaka tisa nyuma, kila wiki alikuwa anamtuma mtu dirishani kwangu upasuaji ukiwa katikati: "Shangazi, daktari anataka lile koleo la mdomo wa mviringo." Ni koleo jepesi, ncha zake zimepinda kama vidole viwili vinavyotaka kushika yai bila kulivunja. Kwenye orodha ya seti ya kujifungulia halimo. Mara ya nne, ya tano, nikajiambia, jamani, tumbo la mama wa watu liko wazi, daktari anasubirije chombo? Nikaanza kuliweka mwenyewe katika seti zake zote. Sikuambiwa na mtu. Nilimwuliza tu siku moja kwenye korido ni la nini, akanijibu, "La kushikia vitu vidogo, Shangazi, nisiviumize. Wewe una akili kuwashinda hawa vijana wangu."

Mwaka ule nikapewa cheti cha mfanyakazi hodari. Saini yake hii hapa chini, kubwa, na mkia. Nikakitia fremu, nikakitundika sebuleni juu ya televisheni. Kila mgeni alikisoma kwanza ndipo akakaa.

Basi, utani wangu haukulala uani. Wifi aliwapelekea dada zake, dada zake wakampelekea baba mdogo wa mwanangu, na baba mdogo akapiga simu: familia ikae. Mwanangu ni fundi wa kuchomelea, sina mwingine. Mtoto mmoja hatoshi ukoo, akasema baba mdogo. Kama mke hazai tena, mume aoe mwingine, na huyu arudi kwao akapumzike. Akapumzike! Kana kwamba alikuwa safarini. Kikao kikapangwa Jumamosi, saa nne asubuhi, sebuleni kwangu.

Jumatano tukawa tunachambua mchele, mimi na mkamwana, wawili tu kwa bahati.

"Mama, wewe utasemaje Jumamosi?"

"Mimi niseme nini, mwanangu? Hao ndio ukoo."

"Lakini nyumba ni yako."

"Nyumba ni yangu. Ukoo ni wao."

Akatoa kokoto moja, akaiweka kando. "Nimekwenda hospitali kwenu mara tatu. Mara ya tatu nikamwona Daktari Pole mwenyewe. Akaniambia, pole, huna ugonjwa, ni mawazo tu. Nipunguze mawazo." Akacheka kidogo. "Sasa nayapunguzia wapi, Mama, katika nyumba hii?"

Nikamwomba ungo.

Alhamisi, kesho yake, kulikuwa na muuguzi mgeni thieta, wiki yake ya kwanza, kahamishwa kutoka hospitali nyingine. Binti mwembamba, msumbufu kwa maswali. Baada ya mgonjwa wa kwanza akaja na trei dirishani kwangu.

"Shangazi, orodha ya ukutani ina vyombo ishirini na vinne. Seti yako ina ishirini na tano."

"Cha ishirini na tano ni cha Daktari. Namwekea mimi."

Akalinyanyua koleo kwa ncha za glavu. "Hili nalijua. Kule nilikotoka lilikuwa na seti yake. Ni la kushikia mirija ya uzazi, mama akiwa amesaini kufunga kizazi."

"Au akiwa anajifungua."

"Hapana, Shangazi. Mtoto akishatoka, hili halina kazi humo. Labda uwe unafunga." Akatazama nyuma, akashusha sauti. "Huyu wa asubuhi hajasaini kitu. Faili lake nimelisoma mwenyewe. Nami nilitolewa nje kabla hawajashona, eti nikafuate nyuzi. Nyuzi zilikuwepo."

Nikalitazama koleo. Lilikuwa na damu hadi kwenye shingo.

Sitadanganya: kitu cha kwanza kilichonijia kichwani kilikuwa cheti. Kwamba mgeni akija atakisoma. Ndipo nikakumbuka mkamwana, nikakaa juu ya ndoo.

Siku aliyojifungua ilikuwa Alhamisi. Chupa ya uzazi ilimpasukia bombani, mwanangu yuko kwenye kazi ya mageti mbali, basi akaja hospitali kwa miguu, peke yake, ndala moja imekatika njiani. Mimi niliambiwa na mfagiaji kwamba mtu wangu anaandaliwa kupasuliwa. Rafuni nilikuwa na seti tano zilizoiva. Nikachagua ile niliyokuwa nimeweka koleo jipya, lililofika wiki ileile, linang'aa kama pete. Nikaipitisha dirishani kwa mikono miwili, na moyoni nasema, wa kwetu apate kizuri.

Madaftari ya zamani yalikuwa kwenye kabati la chini, nyuma ya sabuni. Nikalitoa la mwaka ule. Tarehe ya kuzaliwa mjukuu wangu haihitaji kuulizia. Mikasi minne, nukta kwenye mmoja. Vishikio sita, nukta kwenye viwili. Koleo la mdomo wa mviringo, moja.

Mbele yake peupe.

Kisicho na nukta, sugua. Na aliyelisugua ni mimi.

Saa sita nikamfuata Daktari Pole kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo. Alikuwa anakunywa maji, kofia ya thieta kaisukuma nyuma.

"Daktari, yule wa asubuhi umemfunga kizazi?"

Hakushtuka. Hilo ndilo lililonitisha. "Kaa, Shangazi. Nani anauliza?"

"Mimi."

"Wewe unaishi nao, unawajua. Wanakuja hapa wamechoka, mtoto mgongoni, mwingine anamvuta mkono. Nikiwauliza, watasema wakamwulize mume. Mume atakataa. Mwakani yuko hapa tena, na safari hiyo anafia mezani pangu. Mimi nawatua mzigo tu. Wala hawajui."

"Wala hawajui," nikarudia.

"Pole. Najua unawahurumia. Hata mimi nawahurumia."

Na jamani, alikuwa anasema kweli yake. Macho yalikuwa mazuri vilevile, sauti ileile. Ningepata nguvu kama angenifokea.

"Kuna mmoja," nikasema, "alikuja na ndala iliyokatika. Ilikatika kwa sababu alikuwa anakimbia. Kadi yake iliandikwa mimba ya tatu. Mbili ziliharibika, Daktari. Mstari wa chini ulieleza. Alikuwa hana mtoto hata mmoja."

Akazungusha chupa ya maji mkononi. "Siwezi kuwakumbuka wote."

"Wiki chache zilizopita alikuja kwako. Ukamwambia ni mawazo."

Hapo akasimama, akavaa kofia yake vizuri. "Shangazi, kama una lalamiko, utaratibu upo. Iandikie kamati barua."

Mwenyekiti wa kamati ya malalamiko alikuwa yeye. Hospitali nzima ilijua, na tulikuwa tunafanyia mzaha kwenye chai: ukimshitaki Daktari Pole, Daktari Pole atakuita akupe pole.

Ijumaa asubuhi nikaenda kwa Matroni, mkuu wa wauguzi. Mwanamke wa rika langu, tumeingia pale mwaka mmoja. Nikamwekea madaftari mezani, nikamweleza nukta, nikamweleza koleo, mkamwana sikumtaja. Alipomaliza kusikiliza akavuta droo ya chini, akatoa barua tatu. Za wauguzi watatu, miaka mitatu tofauti, wote walishahamishwa. Juu ya kila moja pameandikwa kwa mwandiko wenye mkia: Limeshughulikiwa.

"Ulikuwa unajua," nikamwambia.

"Nilikuwa nashuku. Kushuku nako kunakupeleka wapi, shoga yangu? Nilipeleka kwa kamati, kamati ikanirudishia. Nikapeleka wizarani, wizara ikazirudisha kwa kamati." Akajifuta uso. "Nimebakiza miaka miwili nistaafu. Yaache haya madaftari hapa, niyafungie. Tutayamaliza kimyakimya, ndani kwa ndani."

"Haya," nikasema. "Ngoja nimalizie kuandika ya leo, nitakuletea mchana."

Nikarudi nayo chini. Kutoa daftari la hospitali nje ya geti ni kufukuzwa kazi, imeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu. Na mlinzi wetu alikuwa mtu wa kupekua, mpaka chombo chako cha chakula anakifunua. Nikayapanga madaftari tisa juu ya trei, nikayakunjia kitambaa cha kijani, kona kwa kona, kama ninavyofunga seti kubwa. Utepe mpya usingekuwa na mistari, hivyo nikabandua uliokwisha kuiva kutoka seti nyingine. Gundi yake ilikuwa imechoka, nikaushikiza kwa kidole gumba njia nzima.

"Shangazi, hiyo vipi?" mlinzi akauliza.

"Seti ya kliniki ya ng'ambo ya barabara."

"Mbona kubwa hivyo? Fungua nione."

"Imeiva hiyo. Fungua wewe, baba, kisha uende ukawaeleze ng'ambo kwa nini mgonjwa wao anangoja."

Akatazama mistari myeusi. Akarudisha mkono nyuma kana kwamba nimebeba nyoka. "Pita, pita. Wewe mama unatisha na vifurushi vyako."

Nikavuka barabara, nikapita mlango wa kliniki, sikuingia.

Jumamosi saa nne sebule ilijaa. Baba mdogo kwenye kiti kikubwa, chini ya cheti changu. Wifi karibu na mlango, mahali pa kusikia pande zote mbili. Mwanangu kainamisha kichwa, anajichuna ngozi ya viganja iliyoungua. Wapangaji walikuwa uani, lakini sijawahi kuona wapangaji waliokaa karibu na dirisha namna ile. Mkamwana kakaa kwenye kigoda, mikono juu ya magoti, amevaa nguo ya kutokea. Nikaona pembeni ya mlango wa chumba chao begi limeshafungwa. Alijua kikao kitaisha vipi. Alikuwa hangoji kufukuzwa.

Baba mdogo akakohoa. "Tumekutana kwa wema. Hakuna anayemchukia binti yetu. Lakini ukoo ni watoto, na miaka mitano si miezi mitano..."

"Shemeji, samahani," nikasema. "Naanza mimi."

"Utapewa nafasi."

"Sitaki kupewa. Nyumba ni yangu."

Nikaliweka furushi la kijani juu ya meza, nikalifungua. Wifi akaruka. "Yarabi, umetuletea visu?"

Nikawaeleza. Nilikuwa nimejipangia maneno usiku kucha, yote yakapotea, nikawaeleza kama mtu anayefundisha kazi: hiki ni chombo hiki, kikirudi kisafi nakiwekea nukta, kikirudi na damu sikiwekei. Koleo hili linashika mirija ya uzazi ili ifungwe. Kwenye orodha halimo. Aliyeliweka ni mimi, miaka tisa, kwa kujipendekeza na kwa kupenda kazi, vyote viwili. Nikafungua ukurasa wa siku ile.

"Mambo haya ya wanawake," baba mdogo akaanza, "si ya kuyaleta kikaoni."

"Kikao umekiitia tumbo, shemeji. Tumbo lenyewe ndilo hili."

Mwanangu alikuwa amesimama. Anamtazama mkewe, ananitazama mimi. Mkamwana alinyanyuka kwenye kigoda, akaja mezani. Akaweka kidole kwenye mstari wa koleo, akakisogeza taratibu mpaka mwisho, pale ambapo nukta ingekuwa.

"Hakuna," akasema.

"Hakuna, mwanangu."

"Nilisikia ananivuta. Nilikuwa macho, kitambaa kiko hapa kifuani, sioni. Nikamwuliza kuna nini, akasema pole mama, tunamalizia." Hakuwa analia. "Halafu wewe ukaniletea uji. Ukaniambia nimshukuru Mungu nimepata daktari mwema."

"Nilisema."

"Na ukasema karani kaondoka na funguo."

Wifi alitazama chini, na wifi si mtu wa kutazama chini.

"Nilisema na hilo pia," nikajibu. "Mbele ya watu. Ndiyo maana leo nasema mbele ya watu."

Nilitegemea atanipiga, au atabeba begi. Ningeelewa vyote. Akabaki na kidole palepale, kisha akafunua ukurasa uliofuata. Na uliofuata. Anatafuta mstari wa koleo, anaangalia mbele yake.

"Huyu ana nukta. Huyu ana nukta. Huyu hana." Akaniinulia macho. "Ni wangapi?"

"Sijahesabu."

"Miaka tisa umekaa nalo hujahesabu?"

"Sikujua nahesabu nini."

Akavuta kiti, kiti changu mimi, akakaa. "Leteni kalamu," akasema. Baba mdogo ndiye aliyetoa kalamu mfukoni, na sijui hata kama alijijua.

Tulihesabu mpaka chai ikapoa, ikapashwa, ikapoa tena. Mwanangu alikuwa anasoma tarehe, mkewe anaandika. Kwenye daftari wagonjwa hawana majina, ni namba tu. Hapo tukakwama, na hapo ndipo wifi alipokohoa.

"Tarehe ngapi hiyo? Mwezi wa nne, Alhamisi ya kwanza? Aa, huyo ni yule muuza vitambaa wa mtaa wa nyuma. Alijifungua siku ileile mvua ilipong'oa paa la shule. Hajapata tena. Mume kamwacha." Akasogeza kiti. "Niambie nyingine."

Nimekaa na wifi miaka thelathini, na nimemsema kwa ulimi wake kuliko ninavyoweza kukumbuka. Siku ile aliwataja wanawake kumi na wanane bila kusimama, nani alizaa lini, nani hajazaa tena, nani kaachwa, nani anakwenda kwa waganga, nani alihama. Tulipokwama kwenye tarehe nyingine, wapangaji waliingia kutoka dirishani, kila mtu na wake. Dada wa mpangaji wa chumba cha nyuma alikuwemo kwenye orodha. Yule mpangaji aliyeangusha kitana kwa kucheka. Aliposikia tarehe, aliketi chini sakafuni.

Jioni mstari wa mwisho ulikuwa wa mia moja na kumi na tatu. Mwanangu akanyoosha mkono, akakitoa cheti ukutani, akakigeuza uso ndani, akakiegemeza nyuma ya mlango.

Safari hii hatukuandika barua kwa kamati. Tulikwenda wenyewe, polisi kwanza, kisha kwa wanasheria wa kina mama, wanawake thelathini na mmoja kwa mara ya kwanza, wengine wakafuata. Muuguzi mgeni alitoa ushahidi wake. Matroni naye, siku ya tatu, alikuja na zile barua tatu kwenye mkoba, akaniona kwenye ngazi za kituo cha polisi, akapita bila kunisalimia, akaingia kuzitoa. Mimi nilifukuzwa kazi kwa kutoa daftari nje ya geti. Sheria ni sheria, imeandikwa kwa rangi nyekundu.

Mkamwana na mwanangu walihamia vyumba viwili karibu na karakana. Hakuondoka kwa hasira. Alinikabidhi funguo, akasema, "Nahitaji nyumba yenye kimya kidogo." Mjukuu alikuwa analetwa Jumapili na baba yake. Miezi minne hakuniita mama. Akinipigia simu anaanza tu na habari yenyewe: kesho saa tatu tunatakiwa kwa mwanasheria. Madaktari wengine walimpima, wakamweleza mirija haikufungwa tu, ilikatwa na kipande kikatolewa. Hilo alinieleza mwanangu. Yeye hakunieleza.

Siku ya kutoa ushahidi mbele ya jopo la uchunguzi, nilikaa peke yangu kwenye benchi la mbele. Daktari Pole alikuwa upande wa pili, suti nzuri, anawapa watu tabasamu lilelile la korido. Alinitikisia kichwa kama mtu anayesema pole.

Mtu akaja akakaa ubavuni kwangu. Mkamwana. Alisogeza tu mkoba wake nipate nafasi.

Mwenyekiti wa jopo alikuwa mwanamke mzee, mpole, anafunua daftari ukurasa kwa ukurasa. Kila daftari muhuri wa mkaguzi. Akasimama kwenye ule wa siku aliyozaliwa mjukuu wangu, akainamisha miwani.

"Shahidi, hizi nukta za bluu. Maana yake nini?"

Miaka tisa, na mihuri yote ile, huyo ndiye mtu wa kwanza kuuliza. Nikafungua mdomo. Sauti haikutoka. Nikajaribu tena, haikutoka, na machozi ndiyo yakawahi.

"Mama, tulia," mkamwana akasema, na akanishika goti. Kisha akasimama, ingawa zamu haikuwa yake. "Nukta maana yake chombo hakikutumika, mheshimiwa. Kisicho na nukta kilitumika."

Mwenyekiti akatazama tena chini, akaweka kidole kwenye mstari wa koleo.

"Na hapa pasipo na nukta?"

"Hapo," akasema, "ni mimi."